Kwa nini jaji wa rufaa hawaiti tena mashahidi wako?

Mzee mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliondoka alfajiri na mashahidi wake wawili. Boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Hindi na Witu hadi Garsen, maana rufaa zinazotoka kwa hakimu wa Lamu husikilizwa na Mahakama Kuu ya huko. Nauli za watu watatu zilitoka mfukoni mwake, na mahamri ya njiani aliyafunga mkewe.

Walifika, wakaketi. Wakili wake akasimama, akasema anategemea hoja alizokwisha kuziwasilisha kwa maandishi. Wakili wa upande wa pili akasema vivyo hivyo. Jaji akatoa tarehe ya hukumu, na kesi nyingine ikaitwa. Mashahidi hawakuulizwa hata majina.

Hukumu ilipotoka, alikuwa ameshindwa. Jioni moja barazani akanigeukia, kikombe cha kahawa mkononi: “Mwanangu, wewe unayajua haya mambo ya koti. Mtu anaamuaje jambo langu bila kunitazama usoni?”

Jibu fupi ni kwamba jaji hakuwa akiamua jambo lake. Hakimu ndiye aliyehukumu ugomvi; jaji wa rufaa anaihukumu hukumu. Mbele yake kuna kitabu cha karatasi zilizofungwa pamoja, chenye sababu za rufaa, hati za madai, vielelezo, hukumu ya hakimu, na kile makarani wanachokiita prosidingi, yaani mwenendo wa kesi, neno kwa neno jinsi hakimu alivyouandika mashahidi wakisema. Kisichokuwa ndani ya kitabu hicho, kwake hakikusemwa.

Kanuni inayotajwa karibu kila rufaa ya madai nchini Kenya ni ya mwaka 1968, enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Selle dhidi ya Associated Motor Boat Company. (Sisi wa pwani tungeijua tu kwamba kanuni kubwa kama hiyo ingekuja na boti.) Inasema mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, lakini ikumbuke muda wote kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Yaani jaji anaambiwa mambo mawili yanayovutana: pima mwenyewe, ila mwachie nafasi aliyekuwepo.

Kwa nini aachiwe nafasi? Kwa sababu hakimu aliona vitu ambavyo wino hauvibebi. Alimwona shahidi anayejibu upesi kila swali isipokuwa lile moja. Sheria humruhusu hakimu aandike maoni yake kuhusu namna shahidi alivyojibu, lakini mara nyingi kwenye karatasi unakuta jibu peke yake, limekauka. “Sikumbuki” ya mtu aliyesahau na “sikumbuki” ya mtu anayeficha zinaandikwa kwa herufi zile zile.

Kisha kuna lugha, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza. Kwa hakimu ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi anasema Kiamu chake, au Kigiriama, karani anatafsiri, hakimu anaandika Kiingereza. Sasa fikiria kesi ya ndoa. Mwanamke anasimama, anasema, “Aliniacha mwaka wa 2015.” Barazani hakuna atakayetaka maelezo zaidi kama anamjua mume huyo. Lakini kuachwa huko ni talaka, au ni mume aliyepanda gari kwenda kutafuta kazi asirudi? Kiswahili kinabeba yote mawili kwa neno moja. Kiingereza hakikubali, anayeandika lazima achague. Akichagua kwamba mume aliondoka tu, basi mbele ya jaji hakuna talaka mwaka 2015, na kiwanja kilichonunuliwa 2017 kimenunuliwa ndani ya ndoa. Hakimu angeweza kumuuliza pale pale, “Alikupa talaka?” Jaji ana karatasi, na karatasi haiulizwi ikajibu.

Neno “ndugu” nalo ni hivyo hivyo. Nimeona watu wakitaabika na mirathi kwa sababu ndugu wa baba mmoja, wa mama mmoja na mtoto wa ami wote waliingia kwenye maandishi kwa jina moja.

Mirathi na talaka za Waislamu, wote wakikubali, huanzia kwa kadhi. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sheria inataka Kadhi Mkuu, au makadhi wawili wengine, wakae pamoja na jaji kama washauri. Kwa maoni yangu hiki ni kipengele cha busara sana. Jaji anaweza kuwa bingwa wa sheria za Kenya na bado asijue hesabu ya mafungu ya mirathi. Hata hivyo, washauri hao nao hawamhoji mjane. Wanasoma kitabu kile kile.

Usidhani basi kwamba rufaa haibadilishi kitu. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote, iliamua kesi ya mali ya ndoa ambayo majina ya wahusika yamefichwa kwa herufi tupu, kama ilivyo desturi katika kesi za familia. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikasema nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo isimame, lakini ikaonya kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu; mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe. Kilichobadilika ni jinsi mchango ulivyopimwa. Ushahidi ulikuwa ule ule uliotolewa mwanzo.

Kwa majeruhi mambo ni magumu zaidi kwa anayekata rufaa. Tuseme kijana wa bodaboda amevunjika mguu barabara ya Malindi, hakimu akampa shilingi 400,000 kwa maumivu. Jaji akisoma anaweza kujiambia kwamba yeye angetoa 350,000. Haitoshi. Ili aiguse fidia hiyo lazima aone kwamba hakimu alifuata kanuni mbaya, au alihesabu jambo lisilohusika, au aliacha linalohusika, au kiasi chenyewe kimepita mpaka, juu au chini, hadi kinaonyesha makosa. Ndiyo maana mawakili hubeba marundo ya hukumu za zamani: mguu kama huu, mwaka ule, ulilipwa kiasi gani. Asilimia za lawama nazo haziguswi ovyo. Hakimu akisema dereva aliyemgonga alikosea asilimia 70 na kijana mwenyewe 30, zile 400,000 zinakuwa 280,000, na kuzipandisha tena kunataka sababu iliyomo kwenye maandishi.

Ajira nitapita haraka. Fidia ya kufukuzwa kazi isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na hakimu akitoa yote 12 bila kueleza kwa nini si minne, hapo jaji amepata pa kushika. Rufaa hizo huenda mahakama ya ajira, si Mahakama Kuu ya kawaida. Na kama mahakimu wana haki ya kusikiliza kesi za kazi, hilo lenyewe lilipiganiwa Malindi: chama cha mawakili wa huko kilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, sheria iliyowapa mahakimu kesi za ardhi na ajira ikabatilishwa, kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo.

Ukitoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, unakaa mbele ya majaji wasiopungua watatu, na kama kesi ilianzia kwa hakimu, wewe sasa uko kwenye rufaa ya pili. Hapo mlango wa ukweli wa mambo umefungwa. Inasikilizwa hoja ya sheria tu. Nani aligonga nani hakuulizwi tena.

Ushahidi mpya je? Upo mwanya, mwembamba. Lazima uonyeshe kwamba hukuweza kuupata wakati wa kesi hata kwa kujitahidi, na kwamba una uzito wa kugeuza matokeo. Shahidi uliyemjua tangu mwanzo ukaona aibu kumwita hapiti hapo.

Na jambo moja linalowakuta watu kitandani: rufaa haizuii hukumu kutekelezwa. Una siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu, lakini ukikata tu ukakaa, dalali anaweza kuja kuchukua pikipiki yako huku rufaa iko hai. Lazima uombe amri ya kusimamisha utekelezaji, bila kuchelewa, uonyeshe hasara kubwa utakayopata, na utoe dhamana.

Mzee wangu alikuwa na kitabu chake cha rufaa nyumbani. Tukakifungua siku ya pili. Aligongwa na pikapu ng'ambo ya Mokowe, karibu na gati, na hakimu alimpa nusu ya lawama kwa kuingia barabarani gari likiwa karibu mno. Shahidi wake wa kwanza, nahodha, aliulizwa gari lilikuwa umbali gani mzee alipoteremka. Jibu lake limeandikwa: “Kutoka hapa niliposimama hadi pale mlangoni.”

Hakuna aliyetaja mlango huo uko hatua ngapi. Wakili hakusimama kuomba iandikwe. Kule Garsen jaji alisoma “pale mlangoni” akaandika kwamba umbali haukuthibitishwa, na kweli haukuthibitishwa.

Mzee alivua miwani. “Hatua 19,” akasema. “Nilirudi juzi nikazihesabu.”