Jelatini ya Nguruwe au ya Ng'ombe?

Mwalimu mmoja wa madrasa hapa Kisumu aliniletea pakiti ya peremende laini ambazo wanafunzi wake hununua dukani, akaniuliza, "Daktari, hii ni ya nguruwe au ya ng'ombe?" Pakiti yenyewe ilitaja sukari, glukosi na jelatini, basi. Swali lake ni la haki, na anayelijibu kwa kukisia anamdhulumu.

Jelatini hutokana na kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa, nayo hutolewa kwa maji moto baada ya malighafi kulowekwa. Ngozi ya nguruwe kwa kawaida hulowekwa kwenye asidi, ya ng'ombe mara nyingi kwenye chokaa kwa wiki kadhaa. Asidi, chokaa na moto huikatakata DNA, yaani vinasaba vinavyoweza kumtambulisha mnyama, na ndiyo maana huwa nasikitika mtu anapotulizwa na ripoti isemayo kwamba DNA ya nguruwe haikuonekana, kwa kuwa huenda ilikuwapo ikaharibikia kiwandani.

Mimi maabarani hutegemea protini yenyewe. Huyeyusha peremende katika maji ya uvuguvugu, kisha humimina asetoni baridi, na jelatini hujikusanya kuwa nyuzi nyeupe zinazonata kwenye kioo cha bomba la majaribio. Nyuzi hizo huzichanganya na tripsini, kimeng'enya kinachokata protini penye lisini na arjinini, mbili kati ya amino asidi, yaani viungo vidogo vinavyounda protini, nikaziacha usiku kucha katika joto la sentigredi 37. Vipande vinavyopatikana, yaani peptidi, hupimwa uzito kwa mashine. Kolajeni ya ng'ombe na ya nguruwe zinafanana mno, hivyo peptidi nyingi hazisaidii kitu. Natafuta zile chache zilizotofautiana kwa amino asidi moja au mbili, na silitaji jina la mnyama kabla ya kuona zaidi ya peptidi moja inayomtambulisha. Jelatini ya samaki, hata ikitoka kwenye ngozi ya mbuta wetu, ni rahisi zaidi kuitambua, maana kolajeni yake iko mbali na ya wanyama hao wawili.

Nilimweleza mwalimu kwamba hata zikionekana peptidi za ng'ombe peke yake, mashine haiwezi kusema ng'ombe huyo alichinjwa vipi. Hilo hutafutwa kwenye cheti cha halali cha kiwanda kilichotengeneza jelatini, nami nikamwomba aanze kukidai kwa mwagizaji siku ileile, sampuli yake ikiwa bado kwenye tripsini.