Waya Upo, Taa Inawaka, Lakini Intaneti Inakatika: Dhana Potofu na Ukweli

Anayeacha waifai na kuchomeka waya huwa anatafuta utulivu. Ndiyo maana kompyuta ya waya inapoanza kukatika-katika, mkutano wa video ukiganda na faili likiishia njiani, mtu hupaparika na kugusa kila kitu kwa mkupuo. Anazima ruta, anafuta draiva (programu inayoendesha kadi ya mtandao), anabadili mipangilio, kisha mtandao unatulia kwa saa mbili na hajui kilichousaidia ni kipi. Kesho yake tatizo linarudi, naye hana pa kuanzia.

Ukatikaji una mahali pake. Upo kwenye kebo, kwenye kadi ya mtandao, kwenye ruta, au nje ya nyumba kabisa. Dhana nilizozikusanya hapa nazipinga kwa sababu moja: zinamfanya mtu aanze kutibu kabla hajajua panapouma.

"Taa ya kwenye soketi inawaka, kwa hiyo waya ni mzima"

Hii inapoteza muda wa watu kuliko zote. Taa ile inasema tu kwamba pande mbili zimesikiana na kukubali kuunganishwa. Haisemi ni pakiti ngapi, yaani vipande vidogo vya data, zinafika zimeharibika.

Ndani ya kebo mna nyuzi 8 za shaba, zimesokotwa mbilimbili na kufanya jozi 4. Muunganisho wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu, zile zinazoishia kwenye pini za 1, 2, 3 na 6. Muunganisho wa gigabiti 1 juu ya kebo ya shaba, ambao kiwango chake kilitoka mwaka 1999, hutumia jozi zote 4. Sasa chukua kebo ambayo uzi wa pini ya 7 umekatika ndani ya plagi. Makubaliano ya mwanzo kati ya kompyuta na ruta hupita kwenye zile jozi 2 nzima, kwa hiyo pande zote zinakubaliana kwenda kwa gigabiti, halafu zinashindwa. Kadi nyingi hapo hushuka zenyewe hadi megabiti 100 na kazi inaendelea. Nyingine hazishuki: zinajaribu, zinashindwa, zinajaribu tena, na unaona taa ikiwaka na kuzimika bila mpangilio.

Ile inayoshuka kimyakimya ndiyo mbaya zaidi, maana tovuti zinafunguka na hakuna anayeshuku. Dalili yake ni kipimo cha kasi kinachogota kwenye megabiti 94 au 95 kila mara, hata kama unalipia huduma kubwa zaidi. Kiasi kinachobaki kufika 100 huliwa na taarifa za anwani zinazobebwa na kila pakiti. Ukiiona namba hiyo, usimpigie simu mtoa huduma kwanza. Fungua mipangilio ya mtandao ya Windows usome kasi ya kiungo, au kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi. Kadi na ruta zote zikiwa za gigabiti na hapo pameandikwa 100, umepata pa kuanzia.

Kisha tazama makosa. Windows huyaonyesha kwa amri ya netstat -e, na Linux kwa ip -s link. Makosa machache ya zamani si neno. Lakini namba ikipanda huku unaitazama, mara nyingi mkosaji ni kebo, plagi au soketi. Kipimo cha kuaminika ni kuazima kebo fupi unayojua ni nzima, kuipitisha moja kwa moja kutoka kompyuta hadi ruta bila kupitia soketi ya ukutani, na kuiacha kwa muda unaozidi ule ambao tatizo huchukua kujitokeza. Kama mtandao hukatika mara moja kwa siku, dakika kumi za utulivu hazithibitishi lolote.

"Kebo ni waya tu, haina cha kuharibika"

Ina mengi. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaoshikilia plagi ukivunjika, plagi hulegea na kuchomoka kidogo kila meza inapoguswa. Gurudumu la kiti likipita juu ya kebo kila siku, nyuzi huchoka. Kebo iliyokunjwa kwa nguvu kwenye kona hupoteza mpangilio wa msokoto wake. Halafu kuna kebo za bei rahisi ambazo nyuzi zake ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Hizo hukatika upesi zikikunjwa, huzuia umeme zaidi ya shaba, na hazitimizi viwango vya kebo za mtandao hata kama ganda lake limeandikwa vingine.

Lipo kosa jingine linalowachanganya hata mafundi wenye kifaa cha kupimia. Mtu anabana plagi mwenyewe na kupanga rangi jozi kwa jozi kama macho yanavyopenda: machungwa, kijani, buluu, kahawia, mpangilio uleule pande zote mbili. Kipimia cha bei nafuu kinawasha taa zote 8 kwa utaratibu na fundi anaridhika. Lakini pini za 3 na 6 zinapaswa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio huo zimekuwa nyuzi za jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaofuta mwingiliano kati ya jozi na jozi. Ukiuvunja, mawimbi ya jozi moja yanavuja kwenye nyingine, na makosa huongezeka kadiri kebo inavyokuwa ndefu na kazi inavyokuwa nzito. Mpangilio unaotumika sana ni huu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani imeachanishwa, ya buluu ikakaa katikati yake, kwa makusudi. Usiipange upya ili ipendeze.

"Nunua kebo ya daraja la juu kabisa, tatizo litaisha"

Cat 5e iliyo nzima hubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Cat 8 ilibuniwa kwa ajili ya vituo vya data, kwa kasi ya gigabiti 25 na 40 na umbali usiozidi mita 30 hivi. Kompyuta yako ya nyumbani haitafaidika nayo. Nunua Cat 5e au Cat 6 ya shaba tupu, yenye urefu unaohitaji.

"Mtandao ukikatika, kosa ni la mtoa huduma"

Wakati mwingine ni kweli, na kuna njia ya kujua bila kubishana na mtu. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza lipeleke ping, yaani ujumbe mfupi unaosubiri jibu, kwa ruta yako: andika ping na anwani yake. Anwani yake utaiona ukiandika ipconfig, na mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili lipeleke nje, kwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kwenye Windows ongeza -t ili ping isikome. Yaache yote mawili yaendelee, ufanye kazi zako, na mtandao unapokatika uyatazame mara moja na kuandika saa.

Kama majibu ya ruta nayo yamepotea, tatizo limo ndani ya nyumba: kebo, soketi, kadi au ruta yenyewe. Mtoa huduma hahusiki. Kama ruta inajibu vizuri, kwa waya ikichukua chini ya milisekunde 1 au jirani na hapo, huku ya nje imekatika, basi tatizo liko kwenye modemu, kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma, au mbele yake. Na kama zote mbili zinajibu lakini tovuti hazifunguki, shuku mfumo wa kutafsiri majina ya tovuti, yaani DNS, ambao unaweza kubadilishwa kwenye mipangilio kwa dakika moja. Jibu moja lililopotea lisikutishe, maana baadhi ya ruta hujibu ping pale tu zinapopata nafasi. Tafuta mfululizo.

Angalia pia anwani ambayo kompyuta imepewa. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo ombi halikufika kwa ruta, au ruta haikujibu. Kulalamika kwa kampuni ya intaneti kuhusu hali hiyo ni kupiga hodi kwenye mlango usio wako.

Ipo hali moja ambayo ruta na nje zote hujibu, ila ya nje huchelewa, nayo ni foleni. Mtu mmoja nyumbani anapandisha video kubwa, ruta au modemu inarundika pakiti kwenye kumbukumbu yake badala ya kuzidondosha, na ping ya nje inapanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia. Mikutano inaganda ingawa hakuna kilichokatika. Kipimo cha kasi hakitakuonyesha hilo kama kinapima wingi wa data tu. Pandisha faili kubwa kwa makusudi huku ping inaendelea, utaliona. Dawa yake ni ruta yenye usimamizi mzuri wa foleni, kama ule wa fq_codel, au kuweka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya uwezo wa laini. Kebo mpya haitasaidia kitu hapa.

"Zima ruta, iwashe, basi"

Kuwasha upya husaidia pale programu ya ruta ilipokwama. Lakini kwenye ruta nyingi kunafuta pia kumbukumbu ya matukio ambayo ingekuonyesha kilichotokea. Isome kwanza, kisha ndiyo uzime. Ruta inayohitaji kuzimwa kila siku haijatibiwa. Tazama kama ina joto kupita kiasi, kama adapta yake ya umeme imechoka, na kama programu yake imesasishwa.

"Lazimisha kasi kwa mkono, mtandao utatulia"

Ushauri huu ni wa zamani na bado unazunguka. Mtu anaingia kwenye kadi na kuchagua megabiti 100 yenye kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, akiacha ruta kwenye hali ya kujipangia. Ruta inaweza kutambua kasi, lakini haina namna ya kutambua kwamba upande wa pili unatuma na kupokea pamoja, kwa hiyo hudhani unafanya kwa zamu. Ping inapita vizuri. Ukianza kupakua faili, kila kitu kinakwama kwa migongano na makosa. Gigabiti kwenye shaba, kwa mujibu wa kiwango chake, hutaka kujipangia. Ukiukuta mpangilio wa mkono kwenye kompyuta uliyoirithi, urudishe kwenye hali ya kujipangia kabla ya kufanya lolote jingine.

"Simu inapata intaneti, kwa hiyo kompyuta ni mbovu"

Simu ya waifai haipiti kwenye kebo yako wala kwenye tundu lako la ruta. Kabla ya kuilaumu kompyuta, hamisha kebo kwenye tundu jingine. Ukiwa na swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao kwa kebo nyingi, hakikisha hakuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa humohumo. Swichi za kawaida za nyumbani hazijilindi na mzunguko huo, na ujumbe unaozunguka bila kikomo hulemaza mtandao wote, taa zote zikimetameta kwa pamoja.

Hayo yakiisha, ndipo kadi inapostahili kuchunguzwa. Kwenye mipangilio ya kadi ondoa alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Zima pia hali ya kuokoa nishati ya ethaneti, iliyowekewa kiwango mwaka 2010, kwa sababu vifaa vingine havielewani nayo na kiungo huanguka. Draiva mpya ipakue kabla ya kuifuta ya zamani, usije ukabaki bila mtandao wa kuipakulia.

Kuna jaribio ninalolipenda kuliko kufuta programu moja baada ya nyingine. Washa kompyuta hiyohiyo, kwa kebo hiyohiyo, ukitumia Linux iliyo kwenye flashi. Mtandao ukitulia humo, tatizo limo ndani ya Windows: draiva, VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia ya faragha), programu ya kuzuia virusi. Ukikatika vilevile, ni kifaa. Tundu la mtandao huweza kudhurika kwa radi iliyopiga jirani na bado likafanya kazi nusunusu kwa miezi. Hapo nunua adapta ya USB ya gigabiti, ichomeke, na uzime kadi ya zamani kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ili mfumo usiitumie tena.