Mwanafunzi Hajiendekezi: Yanayosemwa Kuhusu Msongo wa Mawazo Vyuoni Tabora

Mitihani ikikaribia, katika hosteli za vyuo vya Tabora husifiwa anayekesha, na anayelala mapema huonekana hana uchungu na masomo. Ukweli ni kwamba ubongo huyahifadhi mengi ya yaliyosomwa wakati mtu amelala, hivyo anayekesha siku kwa siku huyapoteza yaleyale anayoyahangaikia. Hofu kidogo haina ubaya, kwani tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio na akili ikachangamka. Madhara huanza pale mwili usipopata nafasi ya kutulia.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kumwita mgonjwa mvivu. Namfahamu kijana wa mwaka wa pili, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, aliyekuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, huku bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, likiwa limechelewa. Wali na maharage aliyoletewa na mwenzake ulipoa juu ya ndoo, chandarua kikabaki kimeshushwa hadi saa nane mchana, na chumba kizima kikasema anajiendekeza. Mama yake alimwambia kwa simu, "Mwanangu, sali tu, yatapita." Kusali ni kwema, wala hakuzuii tiba. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, huku usingizi, chakula na umakini vikivurugika, huenda ana sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika. Magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 25, yaani katika umri huohuo wa chuo.

Wengine huogopa kumwona mshauri wa wanafunzi wasije wakaambiwa ni watu wa Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Dodoma imegeuzwa tusi kwa kuwaonea wagonjwa wake, ilhali wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani, na anayehitaji daktari anaweza kuanzia Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ipo pia imani kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, na aliyeelemewa mara nyingi hupata ahueni akiulizwa waziwazi. Muulize kwa upole, "Ndugu yangu, umewahi kufikiria kujiua?" kisha nyamaza umsikilize. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na viuatilifu, na umsindikize hospitali siku hiyohiyo.