Je, Wajua Kwa Nini Injini Iliyozimwa Ikiwa Nzima Hugoma Baada ya Kulala Msimu Mmoja?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dodoma, huzima pampu yake ya kumwagilia mvua za Desemba zinaposhika, akaisukumia kwenye kona ya stoo, na asiiguse tena mpaka mwezi wa Mei. Siku anapoihitaji, huvuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi bila kusikia hata kikohozi kimoja. Haikuanguka, haikuazimwa, wala siku ya mwisho haikuonyesha dalili ya ugonjwa wowote. Mashine iliyozimwa ikiwa nzima imeharibikaje ilhali ilikuwa imekaa tu?

Jibu ni kwamba haikukaa peke yake. Iliachwa na petroli kwenye tanki na kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na oili iliyokwishatumika tumboni mwake. Na kama ni mashine yenye betri, iliachwa pia na asidi. Vimiminika hivyo havipumziki. Huendelea kubadilika siku kwa siku hata pale ambapo hakuna chuma kinachosogea, na ndiyo maana ninaamini kwamba nusu saa ya mwisho kabla ya kuilaza mashine ina uzito kuliko matengenezo mengi yanayofanywa baada ya kuiamsha.

Tuanze na petroli, kwa kuwa ndiyo chanzo cha migomo mingi. Petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, nyingine nyepesi na nyingine nzito. Zile nyepesi ndizo zinazogeuka mvuke upesi na kushika moto injini ikiwa bado ya baridi, na hizo hizo ndizo zinazotoroka kwanza kupitia tundu la kupumulia la tanki. Kinachobaki baada ya miezi kadhaa bado ni petroli kwa kuitazama, lakini kimepoteza ile sehemu iliyokuwa ikiiwezesha injini kuwaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili. Wakati huohuo oksijeni ya hewani huungana na baadhi ya kemikali zilizosalia na kutengeneza ulimbo. Aliyewahi kuona utomvu wa mgunga unavyochuruzika ukiwa laini kisha ukaganda na kuwa mgumu kama kioo anaweza kupata picha ya kinachotokea ndani ya kabureta: kwanza ni utando wa kunata, baadaye ni gamba la rangi ya kahawia.

Kabureta ndiyo inayoumia kuliko tanki, kwa sababu ya udogo wa njia zake. Kikombe chake cha chini hubeba mafuta ya vijiko vichache tu, ambayo hukauka haraka na kuacha ulimbo wote mahali pamoja, na jeti ambayo mafuta hupitia kwenda kwenye injini ina tundu lenye upana usiofika milimita 1. Utando mwembamba sana unatosha kuliziba. Ndipo mwenye mashine hubadilisha plagi, akalaumu koili, akamwita fundi, kumbe tatizo lote liko kwenye tundu lisilopitisha hata ncha ya sindano. Miongozo mingi ya injini ndogo hutaja siku 30 kuwa mpaka; mashine itakayokaa zaidi ya hapo isiachwe na mafuta ya kawaida kwenye kabureta. Msimu wa mvua wa Dodoma, ambao ndio pekee kwa mwaka na hudumu takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, ni mara nne au tano ya muda huo.

Dawa yake haina gharama. Mafuta yaliyo kwenye tanki hutolewa kwenye dumu safi na kutumiwa upesi katika pikipiki au chombo kingine kinachotembea kila siku, na kazi hiyo hufanywa nje, mbali na jiko na moto wa aina yoyote. Kisha injini huwashwa na koki ya mafuta hufungwa, ikaachwa ingurume mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Bado matone machache hubaki chini ya kikombe cha kabureta, na kwa hayo kuna bolti ndogo ya kumwagia ambayo wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue mashine. Kwa maoni yangu bolti hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi hii, na hufunguliwa kwa spana moja.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wasomaji wa miongozo. Vitabu vinavyokuja na mashine nyingi huzungumzia maandalizi ya majira ya baridi, kwa sababu katika nchi kama Finland, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani watu huweka kando pikipiki, boti na mashine za kukatia nyasi kabla theluji haijaanguka. Huko hofu ya kwanza ni barafu. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya injini yana nguvu ya kupasua chuma cha kuyeyusha. Ndiyo sababu huchanganywa na glikoli, ambayo kwa kipimo cha nusu kwa nusu huyazuia yasigande hata baridi ikifika nyuzi 37 chini ya sifuri. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe wa Juni na Julai huwalazimu watu kujifunika blanketi, lakini maji hayagandi kwenye ndoo. Basi msomaji hukiona kitabu kuwa si chake na kukifunga.

Kwa kufanya hivyo huzikosa kurasa zinazomhusu yeye kuliko zinavyomhusu mtu wa Finland. Baridi, pamoja na ubaya wake wote, hupunguza kasi ya mabadiliko ya kikemikali, ilhali joto huiongeza. Kanuni ya jumla ni kwamba mabadiliko mengi ya aina hiyo huenda kwa kasi inayokaribia maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Petroli inayolala ndani ya banda la mabati huzeeka mapema kuliko ile inayolala chini ya theluji, na betri vilevile.

Betri ya asidi na risasi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hupoteza chaji hata ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Ikiwa imejaa, ya volti 12 huonyesha takriban volti 12.6 au 12.7. Inaposhuka chini ya 12.4 na kuachwa hivyo, fuwele za salfeti ya risasi kwenye bamba zake hukua na kuwa ngumu kiasi kwamba chaja haiwezi tena kuziyeyusha zote, na kila wiki inayopita hupunguza uwezo ambao haurudi. Kwa hiyo betri ya trekta au ya gari litakalosimama muda mrefu ijazwe chaji kwanza, ifunguliwe kwa kuanza na waya wa hasi, iwekwe mahali penye kivuli na hewa, kisha irudishwe kwenye chaja kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kiwango cha maji kikishuka huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, kamwe si asidi wala maji ya kisima. Wako wanaoamini kwamba sakafu ya saruji huinyonya betri. Hilo lilikuwa na ukweli zamani, maboksi ya betri yalipokuwa ya mbao au mpira, lakini boksi la plastiki la leo halipitishi umeme kwenda sakafuni.

Kuhusu oili, desturi ya wengi ni kuibadilisha siku ya kuanza kazi, na desturi hiyo imegeuzwa kichwa chini. Oili iliyotumika imebeba masizi, maji na mabaki ya asidi yanayotokana na kuungua kwa mafuta, na ikiachwa ndani kwa miezi mitano hupata muda wa kutosha kuyala mabeari. Ibadilishwe kabla ya kulaza, injini ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke wote. Kwa injini ndogo ya pampu hiyo ni oili inayozidi nusu lita kwa kiasi kidogo tu. Baada ya hapo plagi hufunguliwa, oili safi ya kijiko kimoja cha chai humiminwa kwenye silinda, na kamba huvutwa taratibu mara chache ili oili ienee kwenye kuta na ringi za pistoni. Plagi ikisharudishwa, kamba huvutwa tena mpaka mkono uhisi ugumu, kisha huachwa hapo. Ugumu huo ni ishara kwamba valvu zote mbili zimefungwa, na hewa yenye unyevu ya msimu wa mvua haina tena mlango wa kuingilia kwenye silinda.

Pawa tila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono, ambazo ziliingia kwa wingi vijijini baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, zina kalenda iliyo kinyume na ya pampu. Katika mashamba ya mpunga ya Bahi hufanya kazi wakati wa mvua na kulala kiangazi kizima. Injini zake za dizeli hazina kabureta, na dizeli yenyewe huvumilia zaidi kuliko petroli, kwa hiyo tanki lake ni heri lijazwe mpaka juu, ili hewa inayoweza kuacha matone ya maji ibaki kidogo. Zile zinazopozwa kwa maji ya kumimina zimwagwe maji yote, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Kanda ya Kati yana chumvi, na yanapokauka humo ndani huacha magadi yanayozuia chuma kupoa.

Kiangazi kina wadudu na wanyama wake pia. Panya hutafuna nyaya na kufanya kiota ndani ya kichujio cha hewa, hasa mashine ikilazwa jirani na magunia ya nafaka, na nyigu wajenzi hupenda mno tundu la eksozi, ambalo hulijaza udongo mkavu. Kitambaa kilichofungwa kwa kamba kwenye eksozi kinatosha. Matairi yajazwe upepo kamili na yawekwe kivulini, kwa maana jua hupasua mpira, nao uzito unaokandamiza sehemu moja kwa miezi huacha ubapa.

Siku ya kuamsha, kitambaa huondolewa, plagi hufunguliwa, na kamba huvutwa mara kadhaa ili oili iliyolala kwenye silinda itoke. Petroli iwe mpya, si ile ya dumu lililosahaulika. Moshi wa rangi ya buluu katika dakika za mwanzo usimtie mtu hofu, kwa kuwa ni kile kijiko cha oili kinachoungua, na utaisha wenyewe. Ila kwa pampu kuna sharti moja linalotangulia mvuto wa kwanza: ijazwe maji, kwani sili yake, yaani kizuizi cha maji yasivuje, hupozwa na maji hayohayo ambayo pampu huyasukuma, na ikizunguka kavu huungua ndani ya dakika chache tu.