Je, wajua kwa nini kinga ya mwili wako haipigani na bakteria wa utumboni?

Makadirio yanayotumika sana yanasema mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na wengi wao huishi katika utumbo mpana. Kati yao na damu kuna ukuta wa seli zilizopangika safu moja tu, uliofunikwa na ute. Bakteria hao wakipenya hadi kwenye damu, mtu huumwa mahututi na anaweza kufa. Wakiwa mahali pao, seli za kinga zilizojaa nyuma ya ukuta huo huwaacha waishi. Kwa nini haziwashambulii?

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa katika namna seli za kinga zinavyomtambua adui na kumtofautisha na asiye adui. Ni kweli, ila halitoshi. Katika miaka ishirini hivi iliyopita imezidi kudhihirika kwamba seli ya kinga hupigana au hutulia kutegemea pia inakula nini, na inakichoma vipi chakula hicho ili ipate nishati. Na kule utumboni, sehemu ya chakula hicho hutengenezwa na bakteria walewale.

Tuanze na seli yenyewe. Seli T, mojawapo ya seli za kinga, isipokuwa vitani huchoma sukari na mafuta polepole kwa kutumia oksijeni ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vya seli. Molekuli moja ya sukari aina ya glukosi huipatia takribani ATP 30, yaani molekuli zinazobeba nishati ya kazi zote za seli. Ikiamshwa ili ipigane, mambo hubadilika. Humeza glukosi kwa wingi, huivunja upesi nje ya mitokondria na kutoa asidi ya laktiki, hata pale oksijeni ilipo tele. Kwa njia hiyo kila glukosi huleta ATP 2 tu. Tabia hii Mjerumani Otto Warburg aliieleza kuhusu seli za saratani katika miaka ya 1920. Ni moto wa makuti: unawaka kwa ghafla, unakula mengi, haukai. Lakini seli inayoingia vitani haina haja ya kubana matumizi. Inataka kasi, na inataka vipande vya sukari iliyovunjwa ili ijengee seli mpya, maana seli T moja huweza kuzaa maelfu kwa siku chache.

Zipo pia seli T za aina nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza. Hizi huzuia wenzao wasishambulie kupita kiasi, na zenyewe hutegemea zaidi mitokondria na uchomaji wa mafuta kuliko ile njia ya haraka ya sukari. Mwaka 2011 watafiti waliweka seli T za panya katika mazingira ya kuzifanya ziwe za mashambulizi, kisha wakaizuia njia ya sukari. Nyingi zikaelekea kuwa za kutuliza. Ishara za nje zilikuwa zilezile, ila njia ya kupata nishati ilibadilishwa, na seli ikashika kazi nyingine. Mimi naona hilo ni moja ya mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya kinga: lishe ya seli imo ndani ya uamuzi wenyewe.

Sasa turudi utumboni. Sehemu ya chakula chetu ambayo hatuwezi kuimeng'enya, yaani nyuzinyuzi za maharage, kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, hufika utumbo mpana ikiwa bado nzima. Huko bakteria huichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, na iliyo muhimu zaidi kwa habari yetu ni butireti. Mwaka 1980 William Roediger alionyesha kwamba seli za ukuta wa utumbo mpana hupata nishati yake nyingi, takribani asilimia 70, kutoka kwenye butireti. Karibu seli zote za mwili hulishwa na damu. Hizi hulishwa kwa sehemu kubwa na bakteria walio upande wa pili.

Kuchoma butireti kunahitaji oksijeni nyingi. Seli za ukuta huinyonya ile inayoletwa na damu, hata upande wa ndani wa utumbo ikabaki kidogo mno. Bakteria wanaotengeneza butireti hawaivumilii oksijeni, kwa hiyo hali hiyo ndiyo inayowafaa: wanailisha seli, nayo seli inawaondolea sumu yao.

Mzunguko huu unaweza kukatika. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Chicago waliwapa panya antibiotiki ya streptomaisini kisha wakawalisha Salmonella, bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo. Kwa kawaida ilihitajika takribani bakteria 100,000 ili nusu ya panya waambukizwe. Baada ya dawa, chini ya 10 walitosha. Maelezo ya kina yalikuja baadaye sana, mwaka 2016 na 2017, kutoka maabara ya Andreas Bäumler huko California. Dawa huua watengenezaji wa butireti. Ukuta ukikosa butireti, seli zake huhamia kwenye njia ya haraka ya sukari, oksijeni isiyotumika huvujia ndani ya utumbo, na Salmonella pamoja na jamaa zake, ambao hustawi penye oksijeni, huongezeka. Ndiyo maana inaniuma kuona antibiotiki zikinunuliwa dukani kama peremende kwa kila tumbo linalouma.

Butireti haiishii kwenye ukuta. Mwaka 2013 timu tatu, mbili za Marekani na moja ya Japani, zilionyesha katika panya kwamba butireti na ndugu zake huongeza seli T za kutuliza katika utumbo mpana. Butireti huzuia vimeng'enya vinavyoikaza DNA, hivyo jeni linaloifanya seli iwe ya kutuliza hubaki wazi na kusomwa. Seli zinazomeza vijidudu nazo, zikikutana na butireti, hupunguza kemikali za kuchochea uvimbe, yaani ule moto na kuvimba kunakotokea kinga inapopigana.

Muda mrefu kabla ya hayo, Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza alikuwa akiyaona kwa nadra Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo: cha Waganda wa vijijini kilikuwa kingi zaidi na kilipita upesi zaidi kuliko cha Waingereza, na sababu aliiona katika mlo wao wenye nyuzinyuzi nyingi. Akashika bendera ya nyuzinyuzi hadi mwisho wa maisha yake.

Vyakula vinavyowalisha bakteria hawa havina ugeni kwetu: dona badala ya sembe, mtama, ulezi, kunde, ndizi mbichi za kupika. Hata kiporo kimo, kwa sababu wanga wa wali au ugali ukipoa, sehemu yake hugeuka kuwa wanga usiomeng'enyeka na kufika utumbo mpana (mradi kihifadhiwe penye baridi mapema, maana wali uliolala kwenye joto huleta sumu). Lakini mtu mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana asijitibu kwa maharage. Butireti imewahi kuingizwa kwa njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, na matokeo yalikuwa mchanganyiko: majaribio mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona.

Kwa watu wenye afya, ushahidi mmoja umetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 77, lililofanywa na watafiti wa Moshi pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Waliozoea mlo wa asili walihamishiwa mlo wa kimagharibi kwa wiki mbili. Wengine waliozoea mlo wa kimagharibi walihamishiwa mlo wa asili. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Kilichopimwa ni damu. Waliohamia mlo wa kimagharibi walipandisha protini za uvimbe, na seli zao za kinga zikapunguza nguvu ya kujibu vijidudu. Kwa waliohamia mlo wa asili na waliokunywa mbege, alama za uvimbe zilishuka. Wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana katika damu yao.