Tamthilia ya muziki ni nini hasa?

Kampala neno "katemba" hubeba mengi: vichekesho, maigizo ya kanisani, hata kituko cha barabarani. Kwa hiyo mtu akisema anaenda kuona mchezo wenye nyimbo, bado hujajua anaendea nini. Huenda ni karioki, vijana wanaocheza huku wakifuatisha kwa midomo nyimbo zilizorekodiwa. Huenda ni mchezo wa kawaida ambao bendi yake hupiga tu wakati mapambo ya jukwaa yanabadilishwa.

Tamthilia ya muziki ni kitu kingine. Humo wimbo una kazi katika kisa. Mhusika huuanza akiwa katika hali moja na kuumaliza akiwa katika nyingine: ameamua, amedanganyika, amependa, amekata tamaa. Kipimo chake ni rahisi. Futa wimbo kwenye mswada, kisha soma kurasa zilizobaki. Kisa kikiendelea bila pengo, wimbo ule ulikuwa pambo, hata kama ndio uliopigiwa makofi mengi kuliko yote.

Kazi yenyewe huandikwa mara tatu. Kuna maandishi, yaani mazungumzo na mpangilio wa matukio, kuna mashairi ya nyimbo, kuna muziki. Mtu mmoja anaweza kufanya yote, lakini mara nyingi kazi hugawanywa. West Side Story ya mwaka 1957 ni mfano: maandishi ni ya Arthur Laurents, mashairi ya Stephen Sondheim, muziki wa Leonard Bernstein. Watazamaji hutoka wakisifu mahadhi, ila mchezo ukianguka, chunguza maandishi kwanza.

Wazo hili halikuzaliwa siku moja. Mwaka 1728 mjini London, John Gay alichukua mahadhi ambayo watu walikwisha kuyajua na kuyavika maneno mapya katika The Beggar's Opera. Baadaye Marekani ilijaa maonyesho mepesi ambayo wimbo wake ungeweza kuhamishiwa onyesho jingine na asiumie mtu. Show Boat ya 1927, muziki wa Jerome Kern na maneno ya Oscar Hammerstein II, ilifunga nyimbo na kisa kizito cha ubaguzi wa rangi. Kisha ikaja Oklahoma! mwaka 1943, Hammerstein akiwa na Richard Rodgers, ikaonyeshwa mara 2,212 mfululizo New York.

Jambo moja kuhusu Rodgers lafaa kukumbukwa. Alipofanya kazi na Lorenz Hart, kwa kawaida muziki ulitangulia na maneno yakafuata. Alipohamia kwa Hammerstein, mara nyingi maneno yalitangulia. Kwa Kiingereza njia zote mbili zilizaa nyimbo nzuri. Kwa lugha zetu, kutanguliza mahadhi ni kujitafutia taabu.

Chukua neno "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya kupitia magari. Ukihamia kwenye ya pili, maana yake ni sawasawa, vilivyo. Sasa weka neno hilo kwenye muziki wa mipigo minne, ambamo mpigo wa kwanza na wa tatu ndio wenye nguvu. Ukianzia mpigo wa kwanza, silabi moja kila mpigo, "ba" ya pili inaangukia wa tatu na njia inabaki njia. Ukianzia mpigo wa nne, "ra" inabeba mpigo wa kwanza wenye nguvu, na mhusika aliyekuwa safarini amegeuka kuwa mtu anayesifu kitu. Kwa jumla mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mahadhi yanayomalizikia kwenye noti moja ndefu yenye nguvu huikandamiza silabi iliyopaswa kupumzika. Ndiyo sababu nyimbo nyingi zilizofasiriwa kutoka Kiingereza husikika zimechechemea.

Kiganda kina mtego wake, wa urefu. Okusiba ni kufunga kwa kamba. Okusiiba ni kufunga kwa Ramadhani. Mtunzi akiivuta noti kwenye "si" kwa sababu tu ni tamu, mfungwa jukwaani amekuwa mtu wa swaumu. Dawa ni kulisema shairi kwa sauti mara kumi kabla ya kugusa kinanda, ukipiga makofi pale ulimi unapoegemea.

Uganda ina kazi kubwa ya kujivunia katika fani hii: Oluyimba lwa Wankoko ya Byron Kawadwa, 1971, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya. Ilipelekwa kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mjini Lagos mwaka 1977. Mwaka huohuo Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Kampala, alikamatwa na watu wa utawala wa Amin na kuuawa. Pambo haliogopwi hivyo.

Ndani ya mchezo, nyimbo zina nafasi zake. Mapema, mara nyingi wa pili au wa tatu, huja wimbo wa haja: mhusika mkuu anasema anachokitaka kuliko vyote. Ukichelewa, watu hawajui wamshangilie nani. Karibu na mwisho huja ule ambao Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia New York, huutaja kwa saa yake, nasi tungeuita wimbo wa saa tano usiku, kwani zamani pazia lilifunguliwa saa mbili na nusu. Hapo mhusika hulipuka au hugeuka, na baada yake kisa kifungwe upesi.

Kosa linaloua wimbo mzuri hutokea kwenye mazungumzo yanayoutangulia. Watazamaji wakicheka kupita ilivyotarajiwa, muziki uliowekwa kwenye flashi hausubiri, na ubeti wa kwanza unamezwa na kicheko. Bendi ya moja kwa moja huandikiwa vipimo, yaani mafungu mafupi ya mipigo, viwili au vinne vya kuzungusha hadi mwigizaji atamke neno lililokubaliwa. Neno hilo liandikwe kwenye karatasi ya mpiga kinanda na ya mpiga ngoma, tena liwe la mwisho katika sentensi, kwa maana likiwa katikati bendi itaingia mwigizaji akiwa bado anazungumza. Mwimbaji naye asichezeshwe katika vipimo viwili kabla ya noti ndefu. Asimame, avute pumzi.