Dawa ya msokoto wa tumbo: maswali ninayouliza kabla ya kuhesabu vidonge

Hivi karibuni mzee mmoja alinikabidhi kwenye dirisha la dawa karatasi ya daktari yenye maandishi mafupi: hyoscine butylbromide miligramu 10, 2x3, siku tatu. Ni dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Buscopan. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Samahani, mkojo unatoka vizuri?" Akaitikia marahaba, kisha akanikumbusha kwamba amekuja kwa ajili ya tumbo, si mkojo. Nilipoendelea kumdadisi akakiri kwamba usiku huamka mara nne, na kila akienda msalani husimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka. Daktari hakuambiwa habari hiyo, na pengine hakuuliza. Nikampigia simu, na karatasi ikabadilishwa.

Sababu ya swali langu ni namna dawa hii inavyofanya kazi. Ukuta wa utumbo una misuli ambayo hujikaza na kulegea bila sisi kuiamuru, na mishipa ya fahamu huichochea kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Misuli hiyo inapojikaza kupita kiasi, ndipo mtu anapohisi tumbo linasokota, linaachia, kisha linasokota tena. Hyoscine huzuia kemikali hiyo isifikishe ujumbe wake, na misuli ikalegea. Haiui vijidudu, wala haiponyi vidonda vya tumbo. Sehemu kubwa ya kidonge hubaki ndani ya utumbo na ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu, lakini hicho kidogo kinaweza kutosha kukausha kinywa, kuleta choo kigumu, kuongeza mapigo ya moyo, kutia ukungu machoni na, kwa mwenye tezi dume iliyovimba, kuuziba mkojo kabisa.

Kwa hiyo mwenye presha ya macho, hasa ile ya pembe nyembamba (ambapo njia ya kutolea maji ya jicho ni finyu), mwenye moyo unaokwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli uitwao myasthenia gravis wanapaswa kusema mapema, hata kama hawajaulizwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasijiamulie wenyewe. Ukishameza kidonge, jicho likawa jekundu, likauma na kuona kukapungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri dozi iishe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni aina ya maumivu yenyewe. Msokoto unaokuja na kuondoka kwa mtu ambaye daktari amekwisha mpima ndio unaofaa dawa hii. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia yakatulia hapo, huku mgonjwa akiwa na homa na hataki kula, yanaweza kuwa kidole tumbo. Mwanamke aliyekosa siku zake na anaumwa upande mmoja wa tumbo la chini, akihisi kizunguzungu, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, na huyo hapaswi kuambiwa kwamba ni chango tu. Tumbo lililovimba likawa gumu, choo na hewa visitoke, ni dalili ya utumbo kuziba, na kuulegeza utumbo wa namna hiyo ni hatari. Katika hali zote hizi kidonge kinaweza kumpa mgonjwa nafuu ya saa chache, naye akazitumia kulala nyumbani badala ya kuzitumia njiani kwenda hospitali. Kuharisha damu nako kunataka kipimo cha choo kwanza.

Kuhusu dozi, 2x3 maana yake ni vidonge viwili mara tatu kwa siku. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida cha juu ni vidonge viwili mara nne, yaani miligramu 80 kwa siku, na hakuna faida ya kuvuka hapo kwa sababu tumbo limekataa kutulia. Kukataa huko ndiko sababu ya kurudi kwa daktari. Meza kidonge kizima kwa maji, usikitafune. Vipo pia vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli, na anayevimeza pamoja na Panadol anakula parasetamoli mara mbili bila kujua, kwa hiyo soma boksi.

Njoo pia na orodha ya dawa zako nyingine. Amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), Piriton na prometazini (dawa za mzio) hukausha kinywa na kuzuia mkojo kwa njia ile ile, na zikikutana na hyoscine madhara hujumlishwa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kinyume chake, husukuma utumbo wakati hyoscine inautuliza, kwa hiyo zinavutana.

Vidonge vikibaki, usimpe mtoto kwa kuvikata nusu. Aliye chini ya miaka sita hapewi vidonge hivi, na mtoto anayelia tumbo apelekwe akashikwe tumbo na mtabibu.